Uliza Fundi Gemu: Vipikseli vinavyowanyima usingizi

Meseji za safari hii zimenishangaza. Nilitegemea mpira kama kawaida yenu, nani kanunua pedi ya kuchezea ikafa siku ya pili, nani kafungwa goli saba na mdogo wake, lakini mafuriko yote ni gemu za kutisha, tena sio zile kubwa za kisasa, ni hizi zinazotengenezwa na mtu mmoja au wawili chumbani, picha zake vipikseli vikubwa vya kizamani, yani vile viraba vya rangi vinavyounda picha kwenye skrini. Naona flashi zinazunguka huko vyuoni. Haya nimechukua chache, zenye matusi nimeziacha.

*Fundi mambo vipi. Mi nasoma chuo huku Malimbe, Mwanza, laptopu yangu mtumba, RAM GB 2, gemu kubwa haigusi. Jamaa yangu kanipa Lone Survivor kwenye flashi, nimeicheza usiku usiku mpaka nimeimaliza, nimeua kila zimwi nililokutana nalo, vidonge vyote nilivyookota nimemeza, nimefika mwisho mzima kabisa, halafu inaniletea mwisho wa huzuni na ripoti ya kunionyesha kichwa changu kimeharibika. Nimekosea wapi au gemu mbovu?* (Mwanachuo, Malimbe)

Gemu sio mbovu mdogo wangu, gemu ilikuwa inakuangalia.

Hiyo kitu imetoka Machi 2012, kaitengeneza Mwingereza mmoja anaitwa Jasper Byrne, kodi, yani maelekezo ya kompyuta, kaandika yeye, picha kachora yeye, muziki kapiga yeye. Kabla ya hapo alishawahi kuichukua gemu maarufu ya kutisha, Silent Hill 2, akaichora upya kivipikseli kama ya mashine za miaka ya themanini, akaiita Soundless Mountain II, kwahiyo alikuwa anajua anachokitafuta. Kijana wa kwenye gemu hana jina, kavaa barakoa ya hospitali, kajifungia kwenye fleti, nje mji umeliwa na ugonjwa na wengi waliobaki huko kwenye makorido sio watu tena. Sasa sisi wengi tunaingia mule na akili ya gemu za risasi, yani ukiona kinasogea piga, ukiona kidonge meza, kumbe chini kwa chini kuna hesabu inaendelea ambayo huonyeshwi, hesabu ya akili ya huyo kijana. Umemlaza njaa, inaandikwa. Umemkesha, inaandikwa. Umeua, umemeza dawa ili asisinzie uendelee na safari, vyote vinaandikwa, na mwisho unaopewa unatokana na hayo. We umemfanya muuaji anayeishi kwa vidonge halafu unategemea atoke anacheka?

Irudie hivi. Kitanda cha pale fletini ndo sehemu ya kuhifadhi, na vioo vinakurudisha nyumbani, kwahiyo hamna sababu ya kumtembeza jamaa mpaka anaanza kulalamika usingizi. Mlaze. Mtafutie vyombo na gesi apike kitu cha moto, usimlishe vya kopo kila siku kama na we unavyojilisha huko geto. Na risasi zibane. Mfano uko kwenye korido, mbele kuna kile kiumbe chembamba kinatetemeka, kichwa kama kinataka kuchomoka, na lazima upite: zima tochi, weka kipande cha nyama iliyooza sakafuni, rudi nyuma taratibu mpaka pale ukuta ulipoingia ndani, jibanze. Kinakuja, kinakupita karibu kabisa, unasikia kinatafuna, hapo ndo unateleza nyuma yake bila kukimbia. Mapigo ya moyo utakayoyapata hapo hayapo kwenye bunduki yoyote, na akili ya jamaa inabaki salama.

Halafu hilo la flashi sikusemi sana kwa sababu najua hali ya mwanachuo, ila yule ni mtu mmoja, sio kampuni ya maghorofa. Subiri ofa Steam, lile duka la gemu mtandaoni, bei zikishuka, umnunulie hata kama umeshamaliza.

*Mimi ni fundi simu hapa Pasiansi. Nimecheza gemu za kutisha za sasa hivi, damu unaiona kabisa inang'aa, sijawahi kushtuka. Juzi mteja kaniachia laptopu ina Faith, picha yenyewe kama imechorwa na mtoto, nilizima nikaenda kukaa nje. Kwanini hiki kitu kinanitisha mtu mzima?* (Fundi, Pasiansi)

Kwanza laptopu ya mteja unacheza gemu, haya tuache.

Hapa kwenye swali lako ningekaa hata kurasa tatu wangenipa nafasi. Chukua mashine ya zamani kama Famicom, ile ya Nintendo iliyotoka Japani 1983, skrini yake ilikuwa na nukta, ndo vipikseli vyenyewe, 256 kwa 240, ukizidisha ni kama elfu sitini na kitu. Simu za siku hizi zinazopita mikononi mwako, nyingi ni 1080 kwa 2400, yani zaidi ya mara 40. Kwa nukta chache vile mchoraji hawezi kukuchorea sura ya jini, hana nafasi, anaweka viraba vitatu vyeusi na viwili vyekundu, na sura yenyewe unaimalizia we mwenyewe kichwani, na we ndo unajua unaogopa nini. Mchoraji wa kisasa anakupa jini lake yeye, limekamilika mpaka meno, ukishaliona mara mbili umelizoea.

Simama mwaloni, pale ziwani mitumbwi ya samaki inapotia nanga, usiku hamna mwezi, wavuvi wa dagaa wapo mbali huko wamewasha taa zao, mstari mrefu wa taa juu ya maji, mtu humuoni hata mmoja. Moja ikizimika ghafla, utasimama hapo unajiuliza. Wangekuwa wanaonekana mchana kweupe wala usingegeuka.

Mambo haya hayakuanza jana. Mwaka 1989 Capcom walitoa Sweet Home kwenye hiyo hiyo Famicom, watu watano wameingia kwenye jumba lenye roho mbaya, akifa mmoja ndo kafa, harudi, na mizigo ya kubeba ni michache. Ile ndo ikaja kuwa mbegu ya Resident Evil ya 1996. Kwahiyo uchache wa kila kitu, nukta, risasi, nafasi ya mfukoni, ulikuwa sehemu ya hofu tangu mwanzo. Hata Signalis ya 2022, imetengenezwa na timu ya watu wawili kule Ujerumani, inakuruhusu kubeba vitu sita tu, funguo, dawa na bunduki vyote vinagombania humo humo, na watu walilalamika kweli kweli, mi naona walalamike tu.

Sasa hiyo Faith. Jamaa anajiita Airdorf ndo kaitengeneza, sura ya kwanza ilitoka 2017 na mkusanyiko wa zote tatu ukatoka 2022. We ni padri, John Ward, miaka ya themanini, msituni Connecticut huko Marekani, silaha yako ni msalaba, basi, unaunyoosha mbele na unaomba kiumbe kirudi nyuma. Padri mwenyewe ni vijiti vya rangi moja. Ukishazoea ule uchache gemu inakukatisha, ghafla inaleta picha inayotembea laini kabisa kama mtu halisi, maana imechorwa juu ya mwendo wa watu wa kweli, na inakuja kukutazama usoni. Macho yako yalishakubali kwamba dunia hii ni ya vijiti, halafu kitu kimoja humo ndani hakifuati sheria. Ongeza ile sauti ya kompyuta ya zamani inayoongea kama inakabwa. Hapo ukienda kukaa nje hujakosea, ningekuja kukaa na we.

Na kuna nyingine ya kukuumiza zaidi, Yume Nikki, ya Japani, 2004. Binti kajifungia chumbani hataki kutoka, anatoka kwa kulala tu, unatembea ndani ya ndoto zake. Hamna anayekuongelesha cha maana. Kuna nyumba moja humo ina binti mwingine kakaa kimya, na kuna swichi ya taa ukutani. Ukizima taa hamna kitu. Ukiwasha, hamna kitu. Ila kila ukizima kuna bahati moja kati ya 64 kwamba kitu kitatokea, na sitasema nini. Watu wamepita pale mara kibao hawakuona chochote, mwingine kazima mara moja tu kwa utundu akapiga kelele nyumba nzima ikaamka. Ukiicheza halafu umeme ukakatika kweli mtaani kwenu ukiwa umeshika hiyo swichi, usinitafute.

*Habari za kazi. Mimi ni mama, nauza samaki Kirumba mwaloni, naamka saa tisa usiku. Kijana wangu wa miaka 13 anacheza gemu inaitwa Omori kwenye kompyuta ya kaka yake, ina vitoto vizuri vimechorwa, nikajua ya watoto. Sasa hivi halali, analia peke yake, hataki kutoka. Majirani wanasema gemu ina mapepo nimpeleke akaombewe. Nifanye nini?* (Mama, Kirumba)

Shikamoo mama.

Mapepo hamna humo, lakini una haki ya kuwa na wasiwasi na umefanya vizuri kuuliza mapema. Omori ilitoka mwisho wa 2020, michoro yake inadanganya, vitoto, maua, mapikniki, ila habari yenyewe ni ya kijana aliyejifungia ndani kwa huzuni na kitu kizito ambacho hataki kukikumbuka. Watengenezaji wenyewe wanatoa onyo kabla haijaanza kwamba ndani kuna sonona, wasiwasi na kujiua. Onyo liko kwa Kiingereza, na mtoto wa miaka 13 analipita kwa kubonyeza tu. Kwa umri wake mi ningeitoa.

Ila mama usiitoe kwa ugomvi. Gemu inaweza kumnyima mtoto usingizi siku mbili tatu, hilo la kawaida, hata sisi tulikuwa tunasikiliza hadithi za majini halafu tunaogopa kwenda msalani. Kulia peke yake na kukataa kutoka ni kitu kingine, na mara nyingi gemu ya namna ile inamvuta mtoto ambaye tayari ana jambo, kwa sababu anaona kuna mtu humo ndani anafanana naye. Ukirudi mwaloni mchana umeshapumzika, kaa naye, mwambie akuonyeshe hiyo gemu, akueleze huyu nani, huyu kafanya nini, usikemee, msikilize tu. Atakueleza ya gemu halafu katikati atakuchomekea ya kwake. Shuleni kuna nini, nani anamuonea, kuna msiba haujaisha nyumbani, huko ndo kwa kutazama.

Na kama hali haibadiliki, au akitamka hata kwa utani neno la kutaka kufa, usisubiri wiki ijayo. Mpeleke hospitali, Bugando wana idara ya magonjwa ya akili, na kwenda huko hakumaanishi mtoto kichaa. Kuna namba ya simu ya msaada kwa watoto, 116, haina makato, unaweza kupiga wewe au akapiga yeye mwenyewe. Maombi kama ndo imani yako omba naye, hakuna anayekukataza, ila hospitali isiwe ya mwisho.

*Niko Nansio Ukerewe, kompyuta sina, simu ninayo na bando la kuungaunga. Kuna yoyote ya kucheza kwenye simu?* (Mvuvi, Ukerewe)

Ipo, tafuta DISTRAINT kwenye Play Store, kaitengeneza Jesse Makkonen wa Finland peke yake, 2015. Unamcheza kijana anaitwa Price, kazi yake ni kutoa watu kwenye nyumba zao ili wakubwa zake wampe ubia kwenye kampuni. Dalali wa mahakama kabisa. Anamtoa bibi kizee nyumbani kwake, halafu nyumba na yale aliyoyafanya vinaanza kumfuata. Fupi, kama masaa mawili hivi unamaliza, na ukishaishusha unacheza hata ukiwa katikati ya ziwa mtandao hamna. Lone Survivor kwenye simu yako hutaipata, usihangaike na mafaili ya ajabu yanayoahidi, hayo ni virusi.

Ukija kupata kompyuta Yume Nikki ni ya bure kabisa. Na ukinunua Steam ukaona haishiki, unarudishiwa hela kama hazijapita siku 14 na hujacheza zaidi ya masaa mawili.

*Fundi, sisi ni washkaji wawili Buzuruga tunataka kutengeneza yetu, ya vipikseli, inayotokea hapa hapa Mwanza. Wazo letu zimwi liwe bibi kizee mwenye macho mekundu anaishi juu ya mawe, au abiria wa meli ya MV Bukoba wanarudi. Hatuna hela, tuna laptopu moja. Tuanzie wapi?* (Wawili wa Buzuruga)

Nyie mmenifurahisha na mmeniudhi kwenye meseji moja.

Hela sio tatizo kama mnavyodhani. Yume Nikki imetengenezwa na RPG Maker, programu ya watu wasiojua kuandika kodi. World of Horror ya 2023 kaichora daktari wa meno wa Poland, anajiita panstasz, na amechorea kwenye Paint, ile ile Paint ya kwenye Windows mnayochorea nyumba na jua. Programu za kutengenezea gemu zipo, Godot ni bure, GB Studio ni bure. Mnachohitaji ni uvumilivu, wale wawili wa Signalis walianza 2014 gemu ikatoka 2022, kwahiyo msiseme Desemba. Anzeni na chumba kimoja, mlango mmoja, kitu kimoja cha kuogopa, mkimaliza hicho mtajua kama mnaiweza hii kazi au la.

Sasa huyo bibi. Hapana. Mnajua kabisa kanda yetu hii bibi zetu wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na macho yale ni moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe, miaka hamsini ya kupulizia jiko. Mkimfanya zimwi mtakuwa mnarudia maneno ya yule anayetuma wauaji. Mgeuzeni: mchezaji ndo awe huyo bibi. Usiku, nyumba ya udongo, macho yanamuuma haoni vizuri, nje kuna hatua za watu na anazijua sauti zao kwa sababu aliwahi kuwabeba mgongoni. Hapo vipikseli vinakuwa na sababu, skrini yote ina ukungu kwa sababu ndo anavyoona yeye. Hii mkiifanya vizuri nitainunua mara mbili.

MV Bukoba nayo iacheni kwanza. Ilizama 21 Mei 1996, walikufa mamia, makaburi yao yapo Igoma na kuna watu wanaoyasafisha mpaka leo, wengine majirani zenu hapo hapo. Siku mkiwa tayari kwenda kukaa na hao watu mkawasikiliza, mtaandika kingine kabisa, sio maiti zinazotambaa.

Na mbona vya bure mnaviruka? Nendeni mwaloni saa kumi na moja alfajiri na simu, mrekodi. Maji yakipiga mawe, injini ya mtumbwi inayokuja halafu inazima kabla haijafika, ndege kwarara wanavyolia kama mtu anachinjwa. Korongo wamesimama juu ya mabati hawajigusi, wanawaangalia tu, kile kichwa kisicho na manyoya, mnakichora kwa nukta kumi na tano kinatisha kuliko jini lolote la kununua. Magugumaji yamefunga ghuba usiku mmoja na mtumbwi uko katikati hauendi mbele wala nyuma. Mabanda ya mlimani Mabatini, ngazi za mawe, njia ambayo mchana inafika kwenu na usiku haifiki. Sauti mziweke kabla ya picha, nawaambia, wengi wanachora miezi sita halafu sauti wanaokota mtandaoni siku ya mwisho, mtu anacheza anasikia bundi wa Ulaya.

Mkiwa na chumba kimoja kinachochezeka nitumieni. Nitakisema kikiwa kibovu.

*Fundi samahani, kwenye Lone Survivor yule mtu aliyevaa boksi kichwani ni nani?* (Sengerema)

Umevuka daraja lote la Kigongo-Busisi, kilomita 3, kuja kuniuliza nikuharibie gemu? Sikwambii. Kacheze, na umlaze jamaa.